Maswali Yenu: Kompyuta za Utotoni Zilizolala Sandukuni

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wenye kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 watuandikie. Barua zimekuja nyingi, na karibu zote zinafanana kwa jambo moja: mashine imetolewa sandukuni juzi, mwenyewe ana hamu ya kuiona skrini ikiwaka tena, na kidole tayari kiko kwenye swichi. Tunaomba kidole hicho kisubiri kidogo. Nyingi ya mashine hizi zimeuvumilia uzee vizuri kuliko tunavyodhani. Kinachoziua ni umeme mbaya wa siku ile ya kuamshwa. Ndiyo maana tumetanguliza barua za umeme, hata kama wengi mngependa tuanze na kaseti.

Shikamooni wahariri. Nina ZX Spectrum 48K aliyorudi nayo baba kutoka masomoni Uingereza. Adapta imepotea. Nimepata nyingine ya volti 9 ya rauta ya intaneti, plagi inaingia vizuri kabisa. Niiwashe? – Msomaji, Tanga

Marahaba. Usiiwashe. Plagi kuingia si hoja. Adapta nyingi za siku hizi zina chanya katikati ya plagi na hasi pembeni, lakini Spectrum inataka kinyume: hasi katikati, chanya pembeni. Tazama mchoro mdogo ulio kwenye adapta, duara lenye nukta ndani, uone alama ya kutoa imeelekea wapi. Kisha usiuamini mchoro peke yake: chukua mita ya kupimia umeme, ncha nyekundu iguse ndani ya tundu la plagi na nyeusi iguse ganda la nje. Kwa adapta inayofaa Spectrum, mita itaonyesha alama ya kutoa mbele ya namba.

Unachohitaji ni volti 9 za mkondo mnyoofu (DC), ampea 1.4 kama ilivyokuwa adapta ya asili, na plagi ya milimita 5.5 kwa nje na 2.1 kwa ndani. Ukipima adapta ya asili ikiwa haijachomekwa kwenye mashine unaweza kukuta volti 12 au zaidi. Hilo halina ubaya, maana adapta ile haina kidhibiti na volti hushuka mashine ikianza kuvuta.

Tunasisitiza hivi kwa sababu ya kilichomo ndani. Kumbukumbu ya chini ya Spectrum, kilobaiti 16 za kwanza, imeundwa kwa chipu 8 za aina ya 4116, na chipu hizo hula umeme wa aina tatu kwa pamoja: volti 5, volti 12 na volti 5 za upande wa hasi. Umeme huo wa ziada hutengenezwa na koili moja ndogo na transista iitwayo TR4. Ukigeuza plagi, TR4 huungua mara nyingi. Ile hasi 5 ikikosekana huku volti 12 bado zipo, chipu za 4116 huanza kufa mojamoja.

Kama iliwahi kuwashwa vibaya na sasa inaleta mistari na vibambavibamba vya rangi badala ya skrini nyeupe yenye maandishi ya Sinclair Research chini, fungua kasha na upime kwenye mguu wa chipu yoyote kati ya IC6 hadi IC13. Ncha nyeusi ya mita ikae mguu wa 16. Mguu wa 1 usome karibu hasi 5, mguu wa 8 karibu 12, mguu wa 9 karibu 5. Mguu wa 1 au wa 8 ukiwa mbali na hapo, zima papo hapo. Tatizo liko kwa TR4 au koili, na ukibadilisha chipu kabla ya kuvitengeneza hivyo viwili, chipu mpya zitaifuata njia ya zile za kwanza.

Ninayo Commodore 64 na adapta yake ya asili, ile nzito kama tofali. Mara ya mwisho iliwaka vizuri, ila ilikuwa mwaka 1991. Kwa kuwa ni ya asili, bila shaka ni salama? – Msomaji, Leicester

Hiyo ya asili ndiyo ya kuogopa kuliko zote, ndugu yetu. Tofali hilo hutoa umeme wa aina mbili: volti 5 za mkondo mnyoofu na volti 9 za mkondo geu (AC). Kidhibiti cha volti 5 kimezikwa ndani ya gundi ngumu isiyopitisha joto vizuri. Miaka inavyokwenda kidhibiti huchoka, na uchokaji wake ni mbaya: badala ya kukata umeme, huuachia upande juu. Chipu za kumbukumbu hazivumilii volti 6 wala 7. Mtu huwasha, picha inakuja dakika chache, kisha skrini inakuwa nyeusi, na kufikia hapo hasara imeshaingia.

Pima hivi, kompyuta ikiwa imechomolewa. Plagi ya duara ina miguu 7, na kwa kawaida namba zimechorwa kwa herufi ndogo pembeni ya kila mguu. Volti 5 ziko kati ya mguu wa 5 na wa 2. Volti 9 ziko kati ya mguu wa 6 na wa 7, na hapo mita iwe kwenye mkondo geu. Lakini kupima bila mzigo hakutoshi, kwa sababu adapta mbovu inaweza kusoma vizuri ikiwa baridi na haifanyi kazi. Tafuta taa ya breki ya gari ya volti 12, wati 21, uiunge kwenye zile volti 5. Itawaka kwa unyonge na kuvuta karibu ampea 1, mzigo unaokaribia ule wa kompyuta yenyewe. Iache nusu saa huku ukitazama mita. Ikikaa kati ya 4.8 na 5.2 muda wote, leo ni nzima. Ikivuka 5.25 hata kwa kitambo, iweke kando moja kwa moja, usijaribu kuivunja wala kuitengeneza.

Tumesema leo ni nzima, si kesho. Ushauri wetu ni kununua adapta mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya C64, au angalau kuweka kati ya adapta na kompyuta kile kisanduku cha kinga kinachokata umeme volti 5 zinapopanda kupita kiasi. Bei yake ni ndogo kuliko chipu moja ya sauti ya SID, ambayo haitengenezwi tena.

Ikiwaka, soma mistari ya juu ya skrini. C64 nzima husema ina baiti 38911 za BASIC, lugha yake ya kuandikia programu, zilizo huru. Namba ikiwa pungufu ya hapo na hakuna katriji iliyochomekwa, kuna chipu ya kumbukumbu iliyokwisha kuharibika.

BBC Micro ya shule yetu ya zamani imewaka vizuri dakika kumi, kisha ikatoa moshi mzito wa harufu kama ya samaki aliyeungua. Ajabu ni kwamba bado inafanya kazi! – Msomaji, Nairobi

Zima na uchomoe ukutani, hata kama inafanya kazi. Kilichoungua ni kapasita ya kuchuja umeme iliyo mwanzoni kabisa mwa pawasaplai, pale waya wa ukutani unapoingilia. Ziko mbili, moja ya nanofaradi 100 na nyingine ya nanofaradi 10, zimetengenezwa kwa karatasi na kufunikwa plastiki ya manjano inayoonyesha ndani. Plastiki hupata nyufa nyembamba kama za kioo, unyevu wa hewa unaingia kwenye karatasi, na umeme ukija karatasi inaungua. Kwa kuwa kazi yake ni kuchuja makelele tu, kompyuta haijali ikifa. Ndiyo maana bado inawaka.

Badilisha zote mbili hata kama moja inaonekana nzima. Nunua zilizoandikwa X2 na volti 275 za mkondo geu au zaidi. Kapasita ya kawaida isiyo na alama ya X2 haifai hapo, kwa sababu ikifa inaweza kugeuka njia ya moja kwa moja ya umeme wa ukutani. Kifuniko cha kompyuta kimeshikwa na skrubu zilizoandikwa FIX. Ukishaitoa pawasaplai, kumbuka kwamba ndani kuna kapasita kubwa inayobeba zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa. Subiri dakika kumi, pima kwenye miguu yake, na usiguse kitu mpaka mita isome chini ya volti 10. Kama hujawahi kushika umeme wa namna hii, mpelekee fundi wa televisheni umwonyeshe jibu hili. Ni kazi ya robo saa kwake.

Assalaam aleikum. Mimi na ndugu zangu tuna kaseti zaidi ya 60 za Spectrum. Kompyuta inawaka, redio kaseti inalia, lakini kila mara inaishia kwenye "R Tape loading error". Tumechoka. Kuna siri gani? – Msomaji, Mombasa

Waaleikum salaam. Siri ipo, nayo iko machoni penu: ni ile mistari ya pembeni mwa skrini. Watu wengi wanaikumbuka kama pambo la kungojea mchezo, lakini kwa anayeijua ni kama kipimo cha daktari.

Tuanze na kinachotokea. Mkishaandika LOAD na alama mbili za kunukuu na kubonyeza ENTER, ukingo wa skrini hubadilika polepole kati ya nyekundu na samawati, kompyuta ikisikiliza. Kaseti ikianza, husikika mlio mmoja mrefu usiobadilika wa sekunde 5 hivi. Kompyuta ikiutambua, ukingo unakuwa na mistari ya nyekundu na samawati inayopanda au kushuka taratibu. Halafu inakuja chakacha fupi yenye mistari ya bluu na njano: hicho ni kichwa cha faili, baiti 17 tu zenye jina na urefu. Kimya kidogo, mlio mwingine wa sekunde 2, kisha chakacha ndefu ya programu yenyewe.

Kila biti ni wimbi moja la sauti. Sifuri ni wimbi fupi, moja ni wimbi refu mara mbili yake. Kompyuta haipimi ukubwa wa sauti, inapima muda tu: wimbi limechukua muda gani kutoka badiliko moja hadi jingine? Kwa wastani zinapita biti 1,400 au 1,500 kwa sekunde, ndiyo maana mchezo uliojaza kilobaiti 48 huchukua karibu dakika 5. Mwishoni kuna baiti moja ya hesabu inayotokana na baiti zote zilizotangulia. Biti moja tu ikisomwa vibaya katika laki kadhaa, hesabu haikubali, na mnapata ule ujumbe.

Sasa tazameni mistari ya ule mlio wa kwanza. Nyekundu na samawati zinatakiwa kuwa na unene sawa na kingo zilizonyooka. Mistari isipotokea kabisa, sauti ni ndogo mno au plagi imeingia tundu lisilo lake: waya wa kupakia hutoka tundu la spika ya masikioni la redio kwenda tundu la EAR nyuma ya Spectrum, si la MIC. Rangi moja ikiwa nene kuliko nyingine, sauti imezidi au imepungua. Anzeni na robo tatu ya sauti na sogezeni kidogokidogo. Kitufe cha besi kishusheni chini, cha sauti nyembamba kipandisheni juu. Zimeni Dolby, ile ya kupunguza makelele ya kaseti, na kila kitufe cha kuongeza nguvu ya besi. Mistari ikitetemeka kama maji yanayochemka, hapo ni mkanda wa mpira ndani ya redio uliolegea au roli ya mpira yenye uchafu, na mwendo wa kaseti unayumba. Mwendo ukiwa wa taratibu kidogo lakini thabiti, Spectrum huvumilia. Kinachoishinda ni kuyumba.

Baada ya hapo, safisheni. Kijiti cha pamba kilicholowa alkoholi kipitishwe kwenye hedi, yaani kichwa kinachosoma mkanda, na kwenye kijiti cha chuma kinachovuta mkanda, mpaka pamba itoke nyeupe. Roli ya mpira ifuteni kwa maji yenye sabuni kidogo, kwani alkoholi ikirudiwarudiwa hukausha mpira na kuupasua.

Ikiwa bado, na hasa kama kaseti chache zinakubali na nyingi zinakataa, shida ni mkao wa hedi. Pembeni mwa hedi kuna skrubu mbili. Ile yenye springi chini yake ndiyo ya kurekebisha, na redio nyingi zina tundu dogo la kupitishia bisibisi mlango ukiwa umefungwa. Wekeni alama ya kalamu ilipokuwa mwanzo. Chomoeni kompyuta, sikilizeni kaseti kwa masikio, na zungusheni taratibu, si zaidi ya robo mzunguko kila upande. Chakacha itakuwa nzito na yenye ukungu, kisha ghafla itafunguka, iwe kali na nyembamba hadi iumize sikio. Hapo ndipo. Kaseti iliyorekodiwa kwenye redio nyingine inaweza kuhitaji mkao wake wa peke yake, basi zipangeni kwa makundi, za dukani mbali na zile zilizonakiliwa nyumbani.

Jambo moja la kuzingatia kabla ya kuitupa kaseti: angalieni inakwama wapi. Ikikwama mahali palepale kila mara, mkanda umekunjika au umefutika hapo. Ikikwama kila mara mahali tofauti, kaseti ni nzima na kosa ni la redio. Na mnapohifadhi kwa SAVE, chomoeni waya wa EAR ubaki wa MIC peke yake. Mnapopakia, fanyeni kinyume chake.

Zikishakubali, zirekodini kwenye kompyuta ya leo bila kuchelewa, faili la WAV, 44,100 kwa sekunde, upande mmoja tu wa stirio. Kuchanganya pande mbili hufifisha sauti kali ikiwa hedi imekaa upande hata kidogo. Msitumie MP3 kwa nakala ya kuhifadhi, kwa sababu hutupa vile visehemu vya wimbi ambavyo Spectrum inavipima. Faili hilo mnaweza kulicheza kutoka simuni hadi EAR kwa waya, sauti juu kabisa, simu ikiwa kwenye hali ya ndege. Arifa moja ya ujumbe katikati ya upakiaji ni mwisho wa dakika zenu 5.

Na kwa wale ndugu zenu waliouliza kwa nini picha ya mchezo ilikuwa ikijichora vipandevipande: kumbukumbu ya skrini imegawanywa mafungu matatu, juu, katikati na chini. Katika kila fungu huja kwanza mstari wa juu wa kila safu ya herufi, kisha mstari wa pili wa kila safu, hadi wa nane. Baiti 6,144 za mwanzo ni michoro mitupu isiyo na rangi. Baiti 768 za mwisho ndizo za rangi, na ndiyo maana picha hukaa nyeusi na nyeupe zaidi ya nusu dakika, kisha rangi ikatiririka kutoka juu hadi chini kwa sekunde chache.

Kwenye Spectrum yangu vitufe Q, W, E, R na T vimekufa vyote kwa pamoja. Vingine vinafanya kazi. – Msomaji, Dodoma

Kufa kwa pamoja ni habari njema, maana kunaonyesha mahali pa kuangalia. Vitufe 40 vimeunganishwa kwa nyaya 8 na nyaya 5 zinazokutana. Kila waya kati ya zile 8 unabeba vitufe vitano vinavyofuatana, kama hivyo vyako, na kila waya kati ya zile 5 unabeba vitufe vinane vilivyotawanyika. Kama vingekufa 1, 0, Q, P, A, ENTER, CAPS SHIFT na SPACE pamoja, tungekuambia ni upande wa nyaya 5. Wewe umekatikiwa waya mmoja kwenye utepe wa nyaya 8.

Fungua skrubu 5 za chini na uinue sehemu ya juu polepole, kwa kuwa tepe mbili za plastiki bado zimechomekwa kwenye saketi. Tepe hizo hukauka na kupasuka pale zinapopinda karibu na soketi. Urefu ukiruhusu, kata milimita 5 za mwisho kwa mkasi mkali, mkato ulionyooka, uuchomeke tena kwa kuusukuma wima bila kuupinda. Mara nyingine hilo linatosha kwa miaka kadhaa. Kama utepe ni mfupi, agiza karatasi mpya ya kibodi, bado zinatengenezwa. Kuibadilisha kunahitaji kubandua lile bati jeusi la juu lenye maandishi. Limebandikwa kwa gundi ya pande mbili. Lipashe kwa mashine ya kukaushia nywele na uinue kidogo kila kona, kwa sababu bati likishapinda halinyooki tena.

Kasha la Commodore yetu lilikuwa rangi ya kijivu-kahawia, sasa ni njano kama meno ya mvutaji. Nasikia saluni kuna dawa? – Msomaji, Dar es Salaam

Ipo, dada yetu. Ni ile krimu ya peroksaidi inayotumika kabla ya kupaka nywele rangi, iliyoandikwa voliumu 40, yaani asilimia 12. Ifanyie kazi kwenye plastiki tupu: toa saketi, skrubu, springi na kila kibandiko, osha kwa sabuni, kausha. Vaa glavu na miwani, maana krimu hiyo huchoma ngozi na kuharibu macho. Paka tabaka nene lililo sawa kwa brashi, funika kwa nailoni ya kufunikia chakula na sukuma viputo vyote vya hewa. Kisha peleka juani.

Jua letu ni kali kuliko la Ulaya ambako maelekezo mengi yameandikiwa, kwa hiyo usilifanye adhuhuri. Tumia jua la saa 2 hadi saa 5 asubuhi, geuza kasha kila nusu saa, na ongeza krimu kabla haijakauka. Krimu ikikauka upande mmoja, plastiki hubaki na mawimbi meupe yasiyotoka. Kasha likiwa la moto kiasi cha kutokushikika, litoe kivulini, kwani linaweza kupinda. Njano hurudi polepole baada ya miaka. Hifadhi mbali na dirisha.

Kaseti zetu za Zanzibar zimeota kitu cheupe kama unga kwenye mkanda. Zimekwisha? – Msomaji, Zanzibar

Hapana, ni ukungu wa unyevu wa pwani. Usiziweke kwenye redio kabla ya kuzisafisha, kwa sababu vumbi lake huingia kwenye hedi na kuhamia kaseti nyingine zote. Zianike kivulini penye upepo siku mbili. Kisha, ukizungusha kwa kalamu ya risasi, pitisha mkanda taratibu katikati ya vijiti viwili vya pamba vyenye alkoholi kidogo sana, ukibadilisha pamba kila baada ya mita chache. Fanya kazi hiyo nje na ufunike pua. Kaseti zenye skrubu tano ni bora kuhamishia mkanda kwenye ganda jipya. Halafu rekodi mara moja, na uzihifadhi ndani ya kopo lenye mfuniko mkaza pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Televisheni yangu mpya haioni kitu. – Wasomaji watatu, Kisumu, Moshi na Muscat

Kompyuta hizi hutuma picha kwa ishara ya analogi kupitia tundu la antena. Hata baada ya matangazo ya analogi kuzimwa, bado kuna televisheni zenye kipokezi cha analogi ndani. Ingia kwenye utafutaji wa analogi wa kutumia mkono, nenda UHF chaneli 36, karibu megahezi 591, kompyuta ikiwa imewashwa. Utafutaji wa kujiendesha mara nyingi huiruka ishara dhaifu. Picha ikija bila sauti kwenye C64 ya Uingereza, badilisha mfumo wa sauti kutoka B/G kwenda I. Spectrum ina spika yake ndani. Televisheni ikiwa haina analogi kabisa, C64 na BBC zina soketi za video nyuma, tumieni hizo.

Mjukuu wangu ana miaka 9. Aliibonyeza P ikatoka PRINT nzima, akadhani imeharibika. Nimwelezeje, na nimpe nini cha kuandika? – Babu, Morogoro

Shikamoo babu. Mwambie haijaharibika. Mwanzoni mwa mstari Spectrum huonyesha herufi K inayomweka, maana yake inangoja amri, si herufi. Amri nzima huhifadhiwa kama baiti moja. PRINT ingeandikwa herufi kwa herufi ingekula baiti 5, na kilobaiti 48 zilikuwa za kubana. Namba ndizo walaji wakubwa: namba 1 ndani ya programu hula baiti 7, moja ya maandishi na 6 za hesabu zilizofichwa nyuma yake. Ndiyo sababu programu za zamani zina maneno ya ajabu kama SGN PI mahali pa 1 na NOT PI mahali pa 0. Jibu ni lilelile, kwa baiti 2 tu.

Mpe hii aandike:

10 FOR n=0 TO 7
20 BORDER n
30 BEEP .2,n
40 NEXT n
50 GO TO 10

FOR iko kwenye F, BORDER kwenye B, NEXT kwenye N, GO TO kwenye G. Alama ya usawa ni SYMBOL SHIFT pamoja na L, TO ni SYMBOL SHIFT pamoja na F, nukta ni pamoja na M, mkato ni pamoja na N. BEEP ndiyo itakayomsumbua: abonyeze CAPS SHIFT na SYMBOL SHIFT kwa pamoja, aachie, K igeuke E, kisha ashike SYMBOL SHIFT na kubonyeza Z. Halafu R na ENTER. Ukingo utapita rangi nane, kila moja na sauti yake, nusu toni juu ya iliyotangulia. Kusimamisha, CAPS SHIFT na SPACE. Akishaizoea, mwache aandike upya mstari wa 30 aweke n*2 mahali pa n, asikilize ngazi ya sauti inavyopanuka.